Kiatu cha Kushoto na Vigingi Vinne

Shilingi sitini na mbili na senti arobaini. Hiyo ndiyo gharama yote ya mapumziko yetu ya Idi kisiwani: lori kwenda na kurudi, mtumbwi kwenda na kurudi, mbuzi mmoja, mchele, chumvi, sukari, na sabuni ambayo hakuna aliyeitumia. Wanaume kumi na wanne, siku moja na nusu. Kila mtu alitoa shilingi nne na senti arobaini na tano, na senti kumi iliyobaki niliibeba mimi, nikahakikisha wote wanajua. Nilijumlisha mara mbili nikapata jumla ile ile, nikajisifu kwamba tangu dhahabu ionekane huku hakuna waliokwenda kukaa bure mchangani kwa bei nafuu kama sisi. Ndani ya hesabu hiyo hamkuwamo hata senti moja ya yule mama aliyetulinda pale ufukweni. Hakudai, nasi hatukumwuliza. Wiki iliyopita nimepata habari kwamba amefariki dunia, na tangu siku hiyo ile jumla yangu naiona ina tundu.

Aliyeniletea habari ni mwenye mtumbwi aliyetuvusha. Alikuja hapa kambini Geita na mizigo miwili ya samaki wakavu, akaingia dukani kwangu kununua nyuzi za nyavu. Tukaanza kuvutana kama kawaida yetu. Mimi nasema senti themanini, yeye anasema hamsini. Mimi naapa nitafunga duka, yeye anaapa atarudi ziwani akavue kwa mikono. Ghafla akasema, "Haya, nipimie kwa themanini." Nikashtuka, maana mtu huyu hajawahi kukubali bei yangu tangu tujuane. Nikamwuliza, "Una nini leo, bwana?" Akasema, "Sina moyo wa kubishana. Yule mama tumemzika." Nikauliza mama yupi. "Unamjua. Yule wa viatu." Ilikuwa kichomi, akasema, siku nne tu, na wamemlaza juu mwinukoni, mahali ambapo mtu akisimama anaona maji yote. Nilimpimia nyuzi nikachukua hamsini. Hakuhesabu chenji, nami sikumwambia.

Mnaosoma ukurasa huu mwezi hadi mwezi mnajua kwamba mimi ni mtu wa Shinyanga mjini, niliyehamishia duka huku baada ya kusikia kwamba Geita watu wanachota pesa udongoni. Nimewakuta wanachota udongo zaidi kuliko pesa, lakini kaniki na chumvi vinauzika, sina lawama. Mnajua pia habari za fundi cherehani aliyepanga baraza langu, Msukuma wa kwetu, mtu mwenye maneno mengi kuliko mishono. Ndiye anayesoma gazeti hili kwa sauti kila linapofika, kwa faida ya wasiojua kusoma, na kwa faida ya wale wanaojua lakini hawataki kununua. Nawaombeni mkumbuke hilo la kusoma kwa sauti. Nitalirudia.

Wazo la kwenda kupumzika ufukweni halikuwa letu. Wazungu wa mashimo ndio walioanza: Jumapili wanapanda motokaa, wanavuka kwenda visiwani, wanavua nguo nusu, wanalala juani kama samaki wanaoanikwa, kisha wanarudi wekundu na wenye furaha. Sisi tuliwacheka miezi mitatu. Mwezi wa nne karani mmoja wa kambi alisema kwamba na sisi tunafanya kazi, na sisi tuna mifupa, kwa nini tusipumzike? Hapo kicheko kikaisha na michango ikaanza. Wake zetu walikataa katakata. Wa kwangu alisimama mlangoni akaniambia, "Baba, kama ni maji unayataka, kisima kile pale na ndoo hii hapa." Tukaondoka wanaume watupu, siku ya pili ya Idi, alfajiri, na mbuzi amefungwa nyuma ya lori akituangalia kana kwamba anajua safari yake haina kurudi.

Ufukwe ule ni mzuri, nisije nikasema vingine. Mchanga mweupe laini, maji yanaonekana mpaka chini, mawe makubwa ya mviringo yamekaa pembeni kama ng'ombe waliolala, na upande mmoja mafunjo marefu yanayopinda kwa upepo. Ndani ya maji, kuzunguka sehemu ya kuogea, kulikuwa na uzio wa vigingi vilivyopigwa kwa nusu duara, kila kigingi unene wa mkono wa mtu mzima, kimoja karibu na kingine kiasi kwamba mbwa asingepita. Nilivihesabu nikiwa bado mtumbwini, kwa mazoea tu. Sitini na vitano. Nikavihesabu tena tuliposhuka. Sitini na vitano.

Na pale mwaloni, ndivyo watu wa ziwa wanavyoita mahali pa kutulia mitumbwi, alikuwa ameketi juu ya jiwe bapa mama mmoja wa Kizinza, mrefu, mkavu, ana pondo la kusukumia mtumbwi mapajani kama askari na bunduki yake. Tulimwamkia "Shikamoo, mama," akaitikia "Marahaba" mara kumi na nne, moja kwa kila mmoja, akituangalia usoni mmoja mmoja. Nilidhani ni adabu. Kumbe alikuwa anahesabu.

"Anayeingia majini," alisema, "ataacha hapa juu ya jiwe kiatu cha kushoto. Akitoka, atachukua kiatu chake. Asiyekuwa na viatu ataacha kitu asichoweza kukaa bila kuwa nacho."

Karani akauliza, "Kwa nini cha kushoto, mama? Kwa nini kisiwe chochote?"

"Kwa sababu nikisema chochote, nyinyi wa kambini mtakaa hapa mpaka jua lizame mnabishana ni kipi."

Tulicheka, tukavua. Utingo wa lori, aliyekuwa peku, aliacha mkanda, na siku nzima alitembea ameshika suruali kwa mkono mmoja. Viatu vya kushoto vikapangwa juu ya jiwe, kisigino kwa kisigino. Cha fundi wetu kilijulikana hata kwa mbali: cheusi, ubavuni kimepasuka, kimeshonwa kwa uzi mwekundu kwa sababu uzi mweusi, alisema, ni wa wateja. Nikamwuliza mama analipwa na nani kwa kazi ile. Akasema halipwi. Mume wake alikuja kuoga hapo na wenzake baada ya kuvua, mitumbwi miwili. Waliporudi nyumbani walikuwa wanaimba. Kila mtumbwi ulidhani yumo katika ule mwingine.

Mimi nikisikia habari kama hiyo huwa naingia kwenye bei. Maana alikuwa ametueleza pia kwamba mbuzi tusimchinjie pale chini. Tumpeleke juu mwinukoni, mbali na maji, na wanawake wa pale juu watatuletea kuni na ndoo za maji kwa shilingi moja na nusu. Damu na uchafu wa matumbo visifike ziwani, wala miti ya kisiwa isikatwe. Nikamwambia, "Mama, ziwa lote hili lililojaa mpaka ukingoni, halafu niuziwe maji ya ndoo?" Akasema, "Huuziwi maji. Unalipia miguu ya kuyapandisha." Nikatoa senti hamsini. Akatikisa kichwa. Nikatoa sitini. Akasema bei si yake, ni ya wanaobeba, na yeye hawezi kuwapunguzia migongo. Nikamwambia basi tutajitegemea. Aliniangalia kidogo, akarudi jiweni kwake, maana watu walikwisha ingia majini na viatu vilikuwa vinamngoja.

Hapa ndipo ninapofika mahali ambapo kwa miaka miwili nimekuwa napita mbio. Mbuzi tulimchinjia pale pale chini, nyuma ya mawe, mama asikoona. Mpishi wetu alioshea matumbo ziwani. Halafu akaniuliza kuni ziko wapi. Mimi, bwana wa kuhesabu mara mbili, nikaangalia uzio. Mwisho kabisa, karibu na mafunjo, vilikuwapo vigingi vinne vilivyokaa kwa kuchomoza nje ya mstari, kama vilivyobaki baada ya kazi kuisha. Vikavu kwa juu, vizuri. Nikavihesabu vyote tena, nikaona kwamba sitini na kimoja vinatosha kabisa kuzunguka, na vinne ni ziada. Nikamwambia mpishi, "Chukua vile." Akaenda akavitikisa, vikatoka. Viliwaka vizuri sana. Sijawahi kula mbuzi aliyeiva upesi vile.

Chakula kilipokuwa tayari nikaita watu, wakatoka majini wanatetemeka na kucheka, wakakaa mchangani wamejifunga shuka. Nikahesabu vichwa ili nigawe nyama kwa haki. Kumi na vinne. Nikahesabu tena. Kumi na vinne. Nikaanza kugawa. Hapo mama akatujia, na mkononi ana kiatu cheusi chenye uzi mwekundu.

"Kuna mtu majini," akasema.

"Hakuna, mama. Nimehesabu mara mbili. Tumetimia."

"Na hiki?"

"Fundi kasahau kiatu. Kasikia harufu ya nyama."

"Mtu husahau kofia," akasema. "Kiatu kimoja ukikiacha, mguu wenyewe unakukumbusha." Akapitisha macho juu yetu mara moja tu, haraka, akanyoosha pondo kwa mtu aliyekaa kati ya karani na utingo. "Na huyu ni wenu?"

Alikuwa mwenye mtumbwi. Mdomo umejaa, shuka mabegani kama sisi wote. Akameza kwa taabu akasema, "Mimi nimekaribishwa."

Wasomaji wangu, nimewahi kupoteza fedha, nimewahi kuibiwa gunia zima la chumvi mchana kweupe, lakini sijawahi kuona hasara kama ya wakati ule. Tuliinuka wote tukataka kukimbilia majini. Mama alituzuia kwa pondo lililolazwa kifuani kama kizuizi cha barabara. "Hakuna anayeingia! Chukueni sufuria, pigeni ukingoni, pigeni kwa nguvu, msinyamaze." Akaingia katika mtumbwi mdogo uliokuwa umeegeshwa kando ya jiwe, akausukuma kuelekea mafunjo. Tulipiga sufuria, masinia, makopo. Karani alipiga bakuli la enameli mpaka likabanduka rangi. Wali wote ulimwagika mchangani na hakuna aliyeuangalia. Mimi nilikuwa nikipiga mfuniko huku macho yangu yapo pale mwisho wa uzio, kwenye nafasi iliyo wazi. Upana wa vigingi vinne. Ilionekana pana kama lango la boma.

Mama alimkuta fundi nje ya uzio, kichwa tu kinaonekana, amekumbatia mafunjo kwa mikono miwili. Kofia yake ya Idi, aliyoidarizi mwenyewe mwezi mzima, ilikuwa imepeperushwa na upepo ikaelea ikapita kwenye ile nafasi, naye akaifuata. Hatua mbili baada ya uzio sakafu ya ziwa inakatika ghafla kama ngazi iliyovunjika, na fundi hajui kuogelea zaidi ya cherehani yake. Mama hakumvuta kwa mkono. Alimpa pondo ashike, akamburuta taratibu akimsemesha kama mtu anayebembeleza ndama. Alipofika mchangani neno lake la kwanza lilikuwa "Mayu wane," yaani mama yangu, na sijui alimwita wake aliyemzaa au huyu.

Karani, macho yamemtoka, akamwuliza, "Mbona hukuita, fundi? Mbona hukupiga kelele?"

"Niliita mwanzo," akasema, meno yanagongana. "Nyinyi mlikuwa mnacheka. Halafu nikaacha kuita."

"Ukaacha kwa nini?"

"Niliona kuna mwingine anasikiliza."

Hatukumwuliza nani. Mama alimvika kile kiatu cha kushoto yeye mwenyewe, akapiga magoti mchangani akamfunga kamba, na ndipo akarudi kukaa juu ya jiwe, ambalo sasa lilikuwa tupu.

Hatukuweza kuondoka jioni ile, maana alasiri upepo wa ziwa huamka na mtu mwenye akili havuki, hilo nalo alituambia na hilo tulimsikia. Asubuhi, wenzangu wakiwa bado wamelala, mama alinijia akaniita kwa kidole. Alinipeleka ndani ya sehemu ya kuogea, mahali maji yanapoishia mchangani. Kutoka upande wa ile nafasi, mpaka pale mpishi alipooshea matumbo, kulikuwa na mfereji mpana uliolainika, kama mtu ameburuta gunia lililojaa, na kila upande alama za makucha ya mamba. Mchanga wa pale ulikuwa umelambwa safi.

"Alikuja kula," mama akasema. "Mlimwandalia na mlango mkamfungulia." Kisha, bila kupandisha sauti, "Vile vinne viliwaka vizuri?"

Nilitaka kukana. Nilikwisha fungua mdomo. Akaniambia ameyaona majivu, mti ule majivu yake ni meupe kuliko ya mti mwingine wowote, na haumei kisiwani; huletwa kutoka milima ya bara kwa sababu ndio usiooza majini. Vile vinne, akasema, havikuwa ziada. Aliviweka nje ya mstari kwa makusudi, kwa sababu pale ndipo sakafu inapokatika. Nikaingiza mkono mfukoni. Akaushika mkono wangu humo humo mfukoni.

"Usinipe pesa. Pesa haisimami ndani ya maji. Niletee vigingi vinne, uje uvipige wewe."

"Nitaleta, mama. Wallahi nitaleta. Na fundi, utamwambia?"

"Mimi nilimrudishia kiatu chake. Hilo jingine ni lako."

Njiani, ndani ya lori, fundi aliniuliza imekuwaje uzio ule ukawa na mwanya. Nikamjibu, "Vilioza." Neno moja tu. Lilinitoka kirahisi, kama mtu anavyosema bei ya kwanza akijua si ya kweli. Lakini bei ya kwanza mtu huishusha. Neno hili mimi nililiacha palepale. Fundi akasikitika. "Maskini mama, ana moyo, lakini uzio wake umeoza." Tangu siku hiyo amekuwa akisimulia barazani kwangu kila anapopata msikilizaji mpya: jinsi alivyoponea mafunjoni, jinsi yule mwingine alivyokuwa akisikiliza, na jinsi uzio wa yule mama ulivyo mbovu. Nami nimekaa ndani nyuma ya meza nikipima sukari. Kodi ya baraza sijampandishia tangu wakati ule. Ananishuku. Juzi aliniuliza, "Kwani baraza langu lina kasoro gani usiyotaka niijue?"

Katika miaka hii miwili nilituma shilingi sita kwa mkono wa mwenye mtumbwi. Zilirudi zote sita, zimefungwa katika jani. Nikaanza kutafuta mti wenyewe. Mkata miti alitaka shilingi tano kwa vinne, nikasema tatu, akaondoka. Akarudi baada ya mavuno, nikasema tatu na nusu, akaondoka tena. Sitawadanganya kwamba niliona haraka. Kila nikikumbuka nilijiambia kwamba yule mama yupo, ziwa lipo, na kigingi hakipotezi bei. Mwezi uliopita nikalipa tano. Vigingi vikaletwa, nikavisimamisha nyuma ya mlango wa duka. Siku kumi na moja baadaye ndipo mwenye mtumbwi alipoingia kununua nyuzi.

Nilimwuliza siku ile kama watu bado wanakwenda pale ufukweni. Akasema wanakwenda, tena wengi, kambi yote sasa inataka kupumzika kama Wazungu. Wiki moja tu baada ya maziko alivusha kundi la watu ishirini. Nikamwuliza waliacha viatu jiweni? "Wangemwachia nani? Tena wanasema uzio wenyewe mbovu, yule mama alikuwa anajisumbua bure. Wamesikia huku kwenu." Nikauliza walirudi wote. Akasema, "Walirudi." Akakunja nyuzi zake, akafika mlangoni, akageuka. "Nadhani."

Nimekuwa nikilitafakari neno lile "nadhani" kuliko mawaidha yote niliyosikia mwaka huu. Sisi watu wa dhahabu tunahesabiwa sana. Mchimbaji anahesabiwa akiingia ili ijulikane atalipwa nini, na anahesabiwa akitoka ili apekuliwe asije akaficha punje chini ya ulimi. Mimi nahesabu wateja, wateja wanahesabu chenji. Lakini kuhesabiwa ili tu ijulikane kwamba hujabaki huko nyuma, hilo nimeliona mahali pamoja, kwa mama mmoja asiyejua kuandika hata tarakimu moja. Mimi nilihesabu vichwa mara mbili nikakosea mara mbili, kosa lile lile, kwa sababu nilikuwa nahesabu nyama. Yeye alikuwa anamhesabu mtu mmoja, kisha mwingine, kisha mwingine. Naambiwa kuna mashimo mawili hapa kambini ambako wachimbaji waliosikia kisa cha fundi wameanza kuacha kitu mdomoni mwa shimo kabla ya kushuka, huyu kofia, yule kibuyu. Kwa hiyo kazi yake haikuzikwa yote. Iliyoharibika ni ile niliyoiharibu mimi.

Kupumzika ni jambo jema. Sitaki mtu asome hapa akadhani nawarudisha kwenye ndoo na kisima. Nendeni. Ule mchanga ni mzuri na maji yake yanamtoa mtu vumbi la mwaka mzima. Ila chinjieni juu, mlipe miguu ya wanaobeba, mifupa mrudi nayo, alasiri msivuke, na mti uliosimama majini msiuulize una kazi gani. Na jiwe bapa bado liko mwaloni. Hata kama hakuna mtu juu yake, wekeni kiatu cha kushoto, na mmoja wenu akose raha ya kuoga akae avilinde. Mkigawana zamu, kila mtu atapoteza saa moja tu. Nimepiga hesabu.

Sasa wewe, fundi. Najua uko barazani, umekaa juu ya kibao chako, watu wamekuzunguka, na sauti yako imeanza kupungua tangu uliposoma habari za mpishi na kuni. Uzio wa yule mama haukuoza. Niliuchoma mimi, nikakupikia. Wasomee sentensi hiyo tena, kwa sauti, maana hao ndio waliokwenda kusema kwamba alikuwa anajisumbua bure. Vigingi vinne viko nyuma ya mlango huu ulioupa mgongo; unaweza kuingia ukavihesabu, mara moja inatosha. Mimi sijui kupiga kigingi majini, na aliyekuwa anajua mahali pake hasa amelala mwinukoni. Wewe ndiye pekee uliyesimama pale sakafu inapokatika. Niko ndani, nyuma ya meza, nangoja umalize kusoma. Nishauri, ndugu yangu: nivipeleke peke yangu, au utakuja kunionyesha?